Mfalme Xerxes na Chifu Mirambo: Juu ya Istilahi za Vita na Utawala wa Kale

Katika kazi ya kusanifu istilahi, maswali magumu kuliko yote aghalabu huletwa na walimu. Mwalimu mmoja anayefundisha historia katika kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda, alikuwa akitayarisha muhtasari wa Kiswahili juu ya vita vya Wayunani na Waajemi wa kale, kwa nia ya kuvilinganisha na vita vilivyopiganwa katika nchi za magharibi ya Tanzania katika karne ya 19. Alileta orodha ya maneno ili ikaguliwe. Orodha hiyo ilikuwa na safu mbili. Katika safu ya kwanza aliandika maneno aliyoyatumia kwa Waajemi na Wayunani: mfalme, jeshi, jemadari, jimbo, ushuru, mji mkuu. Katika safu ya pili aliandika maneno aliyoyakuta katika vitabu alivyosomea yeye mwenyewe, yahusuyo Urambo na Ukimbu: chifu, genge, kinara wa rugaruga, eneo la kabila, hongo, kijiji. Chini yake aliuliza swali moja tu: je, tofauti hii imo katika mambo yenyewe, au imo katika maneno?

Swali hilo halijibiwi kwa kufungua kamusi. Kila neno katika safu zile mbili lina historia yake, na maneno kadhaa yalizaliwa katika vita vilevile tunavyotaka kuvieleza. Makala haya yanakusudia kufuata historia hiyo kwa maneno machache yaliyo muhimu, na kutoa mapendekezo kwa wafasiri na walimu.

Tuanze na majina ya mataifa, maana hata hapo mfasiri hayuko huru. Kiswahili kina majina mawili ya nchi moja. Ugiriki ni jina lililotufikia kwa njia ya lugha za Ulaya, ambazo zililipokea kutoka Kilatini. Uyunani ni jina lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na ndilo walilolishika wafasiri wa Biblia. Asili yake ni Ionia, yaani pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, ambako Wayunani wengi waliishi wakiwa raia wa dola ya Uajemi. Waajemi waliwajua hao kwanza, nao wakawaita Wayunani wote kwa jina la Yauna. Kwa hiyo yeyote asemaye “Myunani” hulitaja taifa hilo kwa jina alilolitumia Mfalme Darius, na asemaye “Mgiriki” hulitaja kwa jina la Warumi. Wenyewe walijiita Wahelene, jina ambalo kwetu halikushika.

Uajemi nalo lina kisa chake. Waarabu walimwita ajamu mtu yeyote asiyesema Kiarabu, mtu ambaye usemi wake haueleweki. Baadaye jina hilo likawaganda zaidi majirani zao wa mashariki. Mwaka 1935 serikali ya nchi hiyo iliyataka mataifa mengine yatumie jina la Iran. Pendekezo langu ni kwamba tuseme Uyunani na Uajemi katika habari za kale, na Ugiriki na Iran katika habari za leo. Mwalimu awakumbushe wanafunzi pia kwamba Xerxes wa vitabu vya historia ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, na Cyrus ndiye Koreshi, ili wasidhani wameletewa wafalme wanne.

Lugha ya Waajemi yenyewe si mgeni kwetu. Serikali, bandari, diwani, durubini na jemadari ni maneno yenye asili ya Kiajemi, mengine yakiwa yamepitia Uarabuni na mengine Bara Hindi. Mtumishi wa serikali anayemwandikia diwani barua kuhusu bandari amekwisha kutumia maneno matatu ya Kiajemi kabla hajaifikia hoja yake. Hata shaha, jina la heshima ambalo washairi wetu humpa malenga mkubwa, ni neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Lakini mfasiri asidanganyike. Maneno haya yalitufikia karne nyingi baada ya Darius, kwa mikono ya mabaharia, wafanyabiashara na askari wa kulipwa wa masultani. Tukimwita kamanda wa Xerxes jemadari, tumempa cheo cha askari wa Kibaluchi wa Zanzibar, kama wale waliomsindikiza Burton kwenda bara mwaka 1857. Neno linafaa, kwa kuwa wasomaji wanalielewa. Hata hivyo tusilitumie kwa sababu ya kudhani kwamba ni neno la enzi ya Xerxes.

Sasa tuje magharibi. Nchi ambazo leo zimo katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, zilikuwa ni nchi za Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na jirani zao. Kaskazini yao ilikuwa Unyamwezi na mashariki yao Ukimbu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora katika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Aliyeishika njia hiyo alishika pembe za ndovu, nguo, bunduki na baruti. Mtemi Mnywasele wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza Waarabu wa Tabora, walimwondoa mnamo mwaka 1860 na kumweka mtu wao. Alipigana nao kwa miaka mitano mpaka akauawa mwaka 1865. Katika machafuko hayo waliinuka watawala wawili ambao majina yao yangali yanatajwa: Mirambo, mtemi wa Uyowa aliyejenga dola ya Urambo, na Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe aliyekwenda Ukimbu na kuiteka.

Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walikusanya watu wakamwendea, na Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akajiunga nao. Mwezi Agosti waliuteka mji wa Wilyankuru, wakarudi wamebeba pembe na mateka. Mirambo akawavizia njiani akawavunja, na kiongozi wao Saud bin Said akauawa. Baada ya siku chache Mirambo aliushambulia mji wa Tabora wenyewe, na hapo akafa Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Stanley alipoona njia ya moja kwa moja haipitiki, aligeuka kusini, akapita Ukonongo na Ukawendi, ndipo akafika Ujiji. Hivyo msafara ule mashuhuri ulipita katika nchi za Katavi kwa sababu moja tu: mtemi mmoja wa Unyamwezi alikuwa amewashinda wafanyabiashara wenye bunduki nyingi na mkopo wa Zanzibar.

Kuna kisa kingine cha nchi hizohizo ambacho msomaji wa habari za kale atakipenda. Waajemi walileta tembo wachache katika vita vya Gaugamela mwaka 331 K.K., walipopigana na Alexander. Miaka elfu mbili na zaidi baadaye, mwaka 1879, tembo wanne wa Kihindi waliteremshwa katika ghuba ya Msasani kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ili ijaribiwe kama wanyama hao wangeweza kubeba mizigo hadi ziwa Tanganyika. Kiongozi wao alikuwa Mwingereza aliyeitwa Carter. Baadhi ya tembo walikufa njiani, na msafara ukafika Karema, ambako Wabelgiji walikuwa wameanza kujenga boma mwaka huohuo, ukiwa na tembo pungufu. Mwezi Juni 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa Mpimbwe wakirudi pwani, wakakutwa na vita vya Mirambo na washirika wake, wakauawa. Haidhaniwi kwamba Mirambo aliwakusudia; alikuwa kwa muda mrefu akitafuta urafiki wa Waingereza ili awakwepe Waarabu wa Tabora. Lakini urafiki huo ukavunjika, na baruti ikawa ngumu kwake kuipata. Boma la Karema lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa kinaonyesha jinsi habari inavyoweza kugeuzwa kwa neno moja. Mwandishi akisema kwamba Carter aliuawa na “genge la wanyang’anyi”, msomaji huona msitu na wezi. Akisema aliuawa na “jeshi la Urambo lililokuwa likiuteka mji wa jirani”, msomaji huona dola, siasa na bahati mbaya. Ushahidi unaunga mkono maelezo ya pili.

Je, watu wa Mirambo walikuwa jeshi? Wengi wao waliitwa rugaruga: vijana wasio na wake wala mashamba, wenye magobori na mikuki, waliovaa nguo nyekundu na mapambo ya kutisha. Baadhi walikuwa watu waliopoteza makwao katika vita na biashara ya watumwa. Mbinu zao nyingi zilitokana na Watuta, tawi la Wangoni waliokuja kutoka kusini ya Afrika na kuingia Ufipa katika miaka ya 1840. Mirambo alimweleza Stanley mwaka 1876 kwamba kwa vita vya uwandani aliwapendelea vijana, na kwa kulinda maboma aliwapendelea watu wazima. Mtu anayegawanya askari wake kwa kazi namna hiyo ana jeshi, hata kama hana sare wala daftari la mishahara.

Tulinganishe na Wayunani. Askari wao mashuhuri hakuwa mwajiriwa wa serikali. Alikuwa mwenye shamba aliyejinunulia ngao, mkuki na kofia ya shaba, akasimama bega kwa bega na majirani zake, ngao yake ikimkinga pia mwenzake wa kushoto. Vita vilipokwisha alirudi shambani. Kwa askari huyu napendekeza mpiganaji wa ngao, na kwa mpango wao wa kupigana safu ya ngao. Wale askari elfu kumi wa Xerxes, ambao kila aliyekufa nafasi yake ilijazwa mara moja, wanaweza kuitwa Wasiokufa, kama Herodotus alivyowaita. Hapo hakuna shida.

Shida ipo kwa wale waliopigana kwa malipo. Mwaka 401 K.K. Wayunani wapatao elfu kumi walikodiwa na mwana wa mfalme wa Uajemi, Cyrus mdogo, ili ampokonye ndugu yake kiti. Cyrus akauawa vitani karibu na Babeli, nao wakalazimika kurudi kwao kwa miguu kupitia milima ya kaskazini. Mmoja wa viongozi wao, Xenophon, aliandika safari hiyo. Wafasiri wengi watashawishika kuwaita mamluki. Neno hilo katika Kiarabu lilimhusu mtu aliyemilikiwa, mtumwa aliyefanywa askari. Katika Kiswahili maana yake imegeuka, na tangu vita vya Kongo vya miaka ya 1960 limejaa chuki yenye haki. Xenophon hakuwa mtumwa wa mtu, wala wenzake hawakumwona kuwa mwovu kwa kupokea ujira. Tuseme askari wa kukodiwa, na mamluki tuwaachie wale wa zama zetu. Rugaruga nao hawakuwa mamluki kwa maana yoyote kati ya hizo mbili: walimtumikia mtemi mmoja, wakapata sehemu ya nyara. Neno lao libaki kama lilivyo, kama wafasiri wa Ulaya wanavyoyaacha majina ya vikosi vya kale bila kuyageuza. Lakini lisitumike kuwa jina la kila mnyang’anyi. Upotofu huo ulizidi hasa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambapo majeshi ya Ulaya yaliyopigana katika nchi yetu yaliwachukua watu wasio na mafunzo na kuwaita rugaruga.

Juu ya merikebu nitasema kidogo tu. Katika Salamis, mwaka 480 K.K., Wayunani walishinda kwa merikebu zenye safu tatu za makasia, kila moja ikiwa na wapiga makasia 170. Nimeona zikiitwa majahazi. Jahazi huenda kwa tanga, na hizi katika mapigano zilikwenda kwa nguvu za mikono, zikigonga ubavu wa adui. Tuseme merikebu za safu tatu. Jambo hili lina uzito katika historia ya jamii pia, kwa sababu waliopiga makasia ya Athens walikuwa hasa raia maskini wasioweza kujinunulia ngao, na baada ya ushindi huo sauti yao katika mambo ya mji haikuweza kupuuzwa tena. Anayefasiri “jahazi” huwafuta watu hao, akabakiza upepo.

Nafika sasa kwenye neno lililonisumbua zaidi, yaani mtawala wa jimbo katika dola ya Uajemi. Darius, aliyetawala tangu 522 hadi 486 K.K., aliigawa dola yake, na Herodotus ataja majimbo ishirini na kodi ya kila moja. Juu ya kila jimbo aliwekwa mtu ambaye jina la cheo chake katika Kiajemi cha kale lilikuwa na maana ya mlinzi wa milki. Wafasiri wa Biblia walichagua liwali. Lilikuwa chaguo la busara kwa wakati wao: liwali alijulikana pwani yote kama mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, na hata Tabora alikuwapo liwali, Said bin Salim. Lakini liwali wa Tabora alikuwa mwakilishi wa Sultani miongoni mwa wafanyabiashara. Watemi waliomzunguka hawakuwa chini yake, na Mirambo alilithibitisha hilo kwa vita.

Mfano ulio karibu zaidi na Uajemi uko Ukimbu. Nyungu ya Mawe, ambaye jina lake latuambia kwamba yeye ni chungu kisichovunjika, aliziteka nchi nyingi ndogo zilizokuwa kila moja na mtemi wake. Hakuridhika kupokea zawadi za watemi hao. Juu yao aliweka watu wake mwenyewe, watwale, kila mmoja akisimamia nchi kadhaa, akikusanya pembe za ndovu na kuwajibika kwa Nyungu moja kwa moja. Watemi wa asili walibaki na matambiko yao; amri ilikuwa kwa mtwale. Mirambo hakufanya hivyo. Aghalabu alimwacha mtemi aliyeshindwa katika kiti chake, au alimweka ndugu wa ukoo uleule aliyemtii zaidi, naye akategemea hofu ya jina lake.

Wote wawili walifariki mwezi Desemba 1884, na hapo ndipo tofauti ya mipango yao ilipoonekana. Mrithi wa Mirambo, Mpandashalo, alishindwa kuzishika nchi zilizotekwa, na dola ya Urambo ikavunjika haraka. Ukimbu ulipita kwa mwanamke wa ukoo wa Nyungu, Mgalula, na watwale wakaendelea na kazi zao kwa miaka mingine kabla Wajerumani hawajaishika nchi. Ndivyo ilivyokuwa Uajemi: Xerxes alishindwa Salamis, jeshi lake likashindwa tena Plataea mwaka 479 K.K., hata hivyo dola ya Waajemi ilidumu karibu miaka 150 zaidi, kwa kuwa mtawala wa jimbo, karani wake na barabara ya mfalme walikuwapo hata pale mfalme alipokuwa dhaifu.

Kwa hiyo napendekeza mtwale liwe neno la historia kwa mtawala wa jimbo katika dola ya kale, likiambatana na maelezo mara ya kwanza linapotumika. Najua kipingamizi kitakuwaje: kwamba ni neno la magharibi, lisilojulikana Tanga wala Pemba. Ikulu nalo lilikuwa neno la bara, jina la makao ya mtemi katika Unyamwezi na Usukuma, na leo hakuna mwananchi asiyejua nani anakaa Ikulu. Makao ya Darius katika Susa na Persepolis yastahili kuitwa ikulu bila wasiwasi wowote. Atakayeona mtwale ni neno zito mno kwa wanafunzi wa madarasa ya chini aseme “mkuu wa jimbo”. Lakini “gavana” namshauri asilitumie, maana litawafanya wasomaji waone kofia yenye manyoya ya ndege.

Ndugu zetu wa utawala watapendezwa pia na jambo hili: Darius aliandika habari za ushindi wake katika mwamba wa Behistun kwa lugha tatu, lakini barua za kila siku za dola yake ziliandikwa zaidi kwa Kiaramu, ambacho hakikuwa lugha ya mfalme wala ya kabila lake. Kilikuwa lugha ya biashara iliyokwisha kuenea. Wajerumani walipotawala Tanganyika kwa maakida na majumbe walifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili.

Sasa chifu. Katika karne ya 19 Mirambo alikuwa mtemi, cheo ambacho wengi hulieleza asili yake kuwa ni kukata: kukata pori au kukata shauri. Wajerumani waliwaandika watemi wa bara kuwa “masultani”, wakilazimisha cheo cha Zanzibar mahali ambapo Zanzibar haikutawala. Waingereza, hasa baada ya Gavana Cameron kupitisha Sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1926, waliwaita machifu. Cheo hicho kilikoma kuwa cha serikali mwaka 1963. Chifu, basi, ni neno la ofisini: lilikuwa jina la mtu aliye chini ya Bwana Shauri, anayekusanya kodi na kupokea mshahara. Mirambo hakuwa na Bwana Shauri juu yake. Kumwita chifu ni kumvika cheo kilichoanzishwa miaka zaidi ya arobaini baada ya kufa kwake.

Wengine wangependa tumwite mfalme ili alingane na Xerxes. Sioni haja. Neno mfalme lenyewe halina kipimo cha ukubwa. Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, wakichungwa na wasimamizi watano waliochaguliwa kila mwaka. Leonidas aliyekufa Thermopylae alikuwa mmoja wa wafalme hao, na nchi yake haikuizidi Urambo kwa eneo. Hakuna anayesita kumwita mfalme. Kwa hiyo aliyemnyima Mirambo jina hilo hakupima eneo wala nguvu. Hata hivyo dawa yake ni kumrudishia cheo chake mwenyewe: Mtemi Mirambo, mtawala wa dola ya Urambo. Tena tuseme dola au milki, tuache himaya; maana ya himaya ni ulinzi, na nchi iliyokuwa chini ya himaya ni ile iliyotwaliwa na Wajerumani kwa kisingizio cha kulindwa.

Hongo nalo lataka uangalifu mkubwa. Leo ni rushwa, na mtumishi wa umma anayeipokea hufikishwa mahakamani. Katika karne ya 19 ilikuwa malipo ya wazi ambayo msafara ulimpa mtawala wa nchi kwa ruhusa ya kupita, maji na usalama. Wapagazi waliijua, wafanyabiashara waliihesabu katika gharama, na Ugogo ilijulikana kwa ukali wake. Vita vya 1871 vilihusu hasa haki ya mtemi kuitoza. Maana ilipogeuka, haki ya mtawala ikafanana na wizi wa karani. Mwalimu akikuta hongo katika habari za safari za wakati ule, aeleze kwamba ni ushuru wa njia. Na kwa upande wa pili, asilitumie kwa yale ambayo wajumbe wa Darius waliyadai katika miji ya Wayunani, yaani udongo na maji. Hiyo ilikuwa dalili ya kutii: atoaye udongo na maji amekubali kuwa chini ya mfalme. Herodotus asimulia kwamba huko Athens wajumbe walitupwa shimoni, na huko Sparta kisimani, wakaambiwa wajichotee humo walichotaka. Msafara uliotoa hongo Ugogo haukuwa raia wa Mgogo.

Limebaki neno moja, nalo ni la hatari kuliko yote. Wayunani walimwita barbaros kila asiyesema Kiyunani. Kwa masikio yao usemi wake ulikuwa bar-bar tu. Maana yake ya kwanza ni ileile ya ajamu. Baada ya vita na Waajemi neno hilo lilizidi kupata dharau, lakini Herodotus, aliyezaliwa Halicarnassus, mji uliokuwa chini ya Waajemi, aanza kitabu chake kwa kusema kwamba ataandika matendo makuu ya pande zote mbili ili yasisahauliwe. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo, kalamu yake itamletea neno mshenzi. Na mshenzi katika karne ya 19 alikuwa nani? Alikuwa mtu wa bara, kinyume cha muungwana wa pwani. Wanyamwezi, Wakonongo na Wakimbu wote waliitwa washenzi na watu wa misafara, hata na wale waliokula chakula chao na kuoa binti zao. Tippu Tip alilitumia neno hilo katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili.

Katika sentensi ya kwanza ya Herodotus, basi, mfasiri aandike “wasio Wayunani”. Katika waandishi wa baadaye, pale ambapo dharau ni dhahiri, aandike “wageni wasiostaarabika” na aonyeshe ni nani anayesema hivyo. Katika maandiko ya Kiswahili ya Tabora na ya pwani, “washenzi” waachwe kama walivyoandikwa, ndani ya alama za mtajo, pamoja na tanbihi inayotaja ni watu gani waliokusudiwa na nchi yao kwa jina.